Mgeni Hapandi Mti

Kiroka, Morogoro
Jumapili, baada ya alasiri

Kaka yangu Abdulmajid,

Shikamoo kaka. Assalaam aleikum, na rehema za Mungu zikufikie huko uliko kabla ya barua hii. Natumaini kile kikohozi ulichokuwa nacho nilipokuja mara ya mwisho kimekuachia, na lile blanketi la kijivu umelipata, maana nililikabidhi getini kwa mikono yangu mwenyewe. Sisi huku kimwili ni wazima. Kiakili, mimi mdogo wako bado sijakaa sawa, na ndiyo sababu nimeshika kalamu badala ya kungoja siku ya kuja kukuona. Nikija nitakaa mbele yako nilie tu, muda uishe, askari aseme haya mama inatosha, nirudi nyumbani sijakuambia kitu.

Na wewe afande utakayeifungua barua hii kabla ya mwenyewe, shikamoo kama ni mkubwa kwangu, na kama ni mdogo basi habari za kazi. Humu hamna siri ya serikali, ni mambo ya shamba na mama yetu. Isome mpaka mwisho, halafu nakuomba umpe akiwa amekaa.

Kaka, msimu wa bondeni umekwisha. Nyanya mwaka huu zilikubali, hoho nazo hazikuwa mbaya, bamia ndiyo usiseme, nimechuma mpaka vidole vikawa vinaniwasha usingizini. Nyanya chungu zilipata ugonjwa wa majani katikati ya kiangazi lakini tuliokoa za kutosha. Sasa mawingu ya vuli yameanza kukaa juu ya mlima. Nadhani hata wewe huko gerezani Kingolwira unayaona, maana mlima ni huohuo mmoja. Na mama yetu unamjua, mvua isikute shamba chafu. Kwa hiyo tuko kwenye zile kazi ambazo hakuna anayezipenda, za kusafisha baada ya sherehe. Kung'oa mashina ya nyanya. Kuchomoa vijiti vyake, kuvikung'uta udongo visiliwe na mchwa, kuvifunga mafungu na kuvipandisha darini. Kupiga mchicha wa mbegu juu ya mkeka, na ukiupiga kwa hasira mbegu zote zinarukia kwenye majani, kama zilivyorukia zangu. Kuzibua mfereji, kurudishia mawe ya kingo yaliyoporomoka. Ungekuwapo ungenicheka, kwa sababu kiuno changu siku hizi kinalia kama mlango wa jikoni.

Taka zote tunazibeba kwa tenga mpaka shimoni. Hatuchomi. Tangu ile siku ulipochoma mabua ya msimu kama watu wote walivyokuwa wakichoma, upepo ukageuka, moto ukakushinda ukapanda mpaka ndani ya msitu wa hifadhi, na njiani ukaipitia mikarafuu ya bibi, mama ameweka sheria moja tu bondeni: njiti ya kiberiti haivuki mfereji. Hata mvuta sigara anavutia ng'ambo. Sikukumbushi ili kukuumiza kaka, nakupa tu picha ya tunavyofanya kazi sasa. Tenga linachubua kichwa, lakini shimo likijaa linatupa mbolea nzuri, siwezi kusema uongo.

Yuko mtu anaitwa Jonathan ambaye humjui, alikuja ulipokwisha kuondoka. Ni Mnyamwezi wa Urambo, mtu mzima mwenye mvi za pembeni. Alikuwa mkata miwa kwenye mashamba makubwa mpaka mgongo ukamwambia basi, akashukia hapa Kiroka kutafuta pa kulima, na mama akampa yale matuta mawili ya chini kabisa, karibu na kijito, apande mboga zake. Mkataba wao ulikuwa wa mdomo, na ulikuwa na neno moja tu, lile ambalo bibi alikuwa akituambia tukiwa wadogo: mgeni hapandi mti. Mchicha apande, kabichi apande, hata mihogo tukimwonea huruma apande. Lakini mti hapana, maana kwetu sisi mwenye kupanda mti amepanda mguu wake, na huo mguu hauondoki tena. Jonathan akasema amesikia.

Sasa Mnyamwezi na sisi, unajua tena, ni utani mtupu. Huyu bwana tangu afike hajawahi kunisalimia kama watu wanavyosalimiana. Akiniona asubuhi ananiuliza kwa nini watumwa wake wamechelewa shambani. Mimi namjibu kwamba babu zake walikuja huku na mizigo ya watu kichwani, na naona yeye kaisahau wapi ameitua. Mama anacheka mpaka anajishika mbavu. Na utani wake mkubwa kuliko wote ulikuwa huohuo wa miti. Kila msimu lazima aseme: iko siku Waluguru nyie mtaamka mkute nimepanda miti humu ndani, mje mnipigie magoti mniombe kajisehemu ka kuchumia matembele. Tulicheka kweli kweli. Hebu likumbuke neno hilo, maana ndilo lililonitia wazimu.

Kuna jambo jingine lazima nilitaje hapa, ingawa hatujawahi kulizungumza mimi na wewe. Hukuniuliza hata mara moja, lakini wewe si mtoto, najua umeona. Barua zangu zote huishia na salamu za mwanangu Shamimu, salamu za majirani, hata salamu za Mjomba Mkude, na za mama hazimo. Sikutaka kutunga. Tangu siku ya hukumu mama hajatamka jina lako, kaka. Akilazimika sana husema yule. Kila niliporudi kutoka kukuona alikuwa akigeukia jiko na kuanza kupuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri. Na ukoo nao ulikaa kikao. Mjomba Mkude, kama mkubwa wa ardhi yetu, alisema aliyechoma miti ya ukoo asije akadai ardhi ya ukoo. Mama alikuwapo na hakujibu kitu. Mkeo alikwishawachukua watoto kwenda kwao. Hivyo kila mtu hapa Kiroka alijua kwamba bonde litakuwa langu, na baada yangu la Shamimu, na mimi pia nilijua hivyo.

Basi wiki tatu zilizopita mama alikwenda Mikese kwenye msiba wa shemeji yake. Kabla ya kupanda gari aliniambia niendelee na kazi zote, ila ile kona ya maboga, pale juu penye kivuli cha jabali, nisiiguse mpaka arudi. Nikaitikia ndiyo mama. Nilidhani anataka maboga yakaukie shambani kwa ajili ya mbegu, maana yeye kwa mbegu haamini mtu. Lakini siku zikapita, msiba ukawa mrefu, mawingu yakazidi kuwa meusi, na shamba zima likawa safi isipokuwa ile kona, imejaa majani yaliyokwisha kuwa ya njano, inaniangalia kila nikiinua uso. Nikasema moyoni, mama akirudi akute kazi imekwisha, afurahi. Nitamtolea mbegu mwenyewe na kuzianika. Hivyo Ijumaa moja asubuhi nikashika shina la kwanza la boga nikalivuta.

Kaka, nilipigwa na butwaa ambalo mpaka leo halijanitoka. Chini ya yale majani kulikuwa na miche. Siyo iliyojiotea, la. Safu nzima, imenyooka, kila mche umezungushiwa nyasi kavu na udongo wake ni mbichi, umemwagiliwa. Nikavuta shina jingine, miche mingine. Majani yake madogo yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Nikaminya jani moja nikanusa, harufu ikanipanda mpaka machozini. Karafuu. Harufu ya kwa bibi, ambayo tangu ule moto sikuinusa tena bondeni kwetu.

Nilikaa chini palepale kwenye udongo. Nikatazama kando ya jabali nikaona ndoo ya bluu iliyofungwa kamba pale mpini ulipokatika, na hiyo ndoo kijiji kizima kinaijua, ni ya Jonathan. Hapo kichwa changu kikaunganisha mambo kwa haraka, na unanijua, kichwa changu kikiunganisha hakisubiri fundi. Nikajiambia, kumbe huyu mtu alikuwa hatanii. Miaka yote hii alikuwa anatupima, anatuchekesha ili tuzoee, na huku chini kwa chini anapanda mguu wake kwenye shamba la mama, tena kwa mti uleule tuliounguliwa nao. Mama ni mzee, macho hayaoni vizuri, kafichiwa miti chini ya maboga yake mwenyewe. Nilijiona mjinga niliyekuwa nikicheka.

Nikaanza kung'oa. Naandika neno hili na mkono unakuwa mzito, lakini nakuandikia kama lilivyokuwa. Niling'oa mmoja nikautupa juu ya mawe, nikang'oa wa pili. Jonathan alikuwa kwenye matuta yake, akasikia ninavyohema na kutukana, akapanda mbio na mgongo wake ule mbovu. Aliponiona na mche mkononi uso ulimbadilika. Akasema kwa sauti ya chini, bila kicheko:

"Shakila, acha. Hiyo ni miti ya mfungwa."

Kaka, sikuona tena mbele. Mtani ana ruhusa ya mengi. Mtani anaweza kuja msibani akalala kwenye jeneza na watu wakacheka. Lakini kunitania kwa kifungo chako, shambani kwa mama, huku nimemkamata na miti yake ya wizi, niliona huo si utani tena, ni kunitemea mate. Nilimrushia bonge la udongo likampata begani. Nikachukua jembe lake nikalitupa ng'ambo ya mfereji. Nilimwambia maneno ambayo afande akiyasoma atanifungulia kesi, kwa hiyo nayaacha. Yeye aliinua viganja vyote viwili kama mtu anayesalimu amri, akavuka mfereji, akaketi kwenye jiwe akatoa sigara. Nami nikaendelea mpaka nikaimaliza safu yote. Kisha nikamtuma Shamimu akamwite Mjomba Mkude.

Mjomba alikuja saa ya adhuhuri na wazee wengine wa ukoo, jua limekuwa kali kabla ya mvua kama linavyofanya siku hizi. Wakaketi kwenye ukingo wa mawe nilioutengeneza juzi yake. Nikawaonyesha miche niliyoirundika, mizizi juu, nikawaeleza kila kitu kuanzia utani wa misimu yote mpaka ndoo ya bluu. Niliongea vizuri, kaka, niliongea kama wakili. Mjomba akamuuliza Jonathan nani amepanda miche hii. Jonathan akasema mwenye shamba yuko safarini na akirudi atasema. Akaulizwa kama ndoo ni yake, akakubali ni yake. Akaulizwa kama yeye ndiye aliyekuwa akimwagilia, akakubali pia. Zaidi ya hapo akafunga mdomo. Mjomba akasema basi imetosha, mgeni amepanda mti, mgeni afungashe. Wazee wakaitikia. Nami nilisimama pale nimeshika kiuno, nikijiona nimeliokoa shamba la mama yangu.

Hapo ndipo mama alipofika. Tulimwona akishuka kile kinjia cha juu polepole na fimbo yake, kibegi begani, bado amejifunga kanga za msibani. Nadhani aliposhuka garini alisikia kuna baraza shambani kwake, hakupita hata nyumbani. Hakumsalimia mtu. Alitazama kona ya maboga ilivyokuwa wazi, akatazama juu ya mawe, akaiona ile miche imelegea juani. Kibegi kikamdondoka. Akapiga magoti, mama yetu na magoti yake yale, akavua kanga ya begani na kuanza kuifunika mizizi. Hakuuliza nani. Bila kuinua uso akasema:

"Shakila, umemng'oa Abdulmajid."

Jina lako, kaka. Tangu hukumu sijalisikia kinywani mwake, na siku ya kulisikia nasikia hivyo. Nilimwona Jonathan ng'ambo ya mfereji ameinamisha kichwa, sigara imezimika mkononi, na ndipo lile neno lake likanirudia, miti ya mfungwa. Hakuwa ananitania. Alikuwa ananiambia ukweli mtupu katika maneno machache aliyoruhusiwa kuyasema, kwa sababu mama alikuwa amemwapisha asimwambie mtu. Utani wake niliuchukua kuwa kweli, na kweli yake nikaichukua kuwa utani. Nimelifikiria jambo hili siku zote hizi na bado naona kizunguzungu.

Mama alieleza akiwa palepale chini, mikono juu ya kanga. Alisema katika mikarafuu ya bibi ule mmoja wa kando ya mwamba uliungua upande mmoja tu, na mwaka juzi ulitoa matunda. Sisi wengine hatukupanda tena kule juu kuangalia, hatukuwa na moyo. Yeye alimtuma Jonathan akaokote mbegu, akaziotesha kwenye pakiti tupu za maziwa nyuma ya jiko, mahali ambapo mimi napita kila siku na ndoo ya maji na sikuona kitu. Baada ya masika wakaipanda kona ile, na maboga yakapandwa ili yaifunike, kwa sababu mkarafuu ukiwa mchanga hautaki jua la uso. Alipanga kwamba utakapotoka mwakani, Mungu akipenda, ukute tayari imeshika, na miti iliyoshika hakuna baraza la kuing'oa. Asije mtu akakuambia huna pa kukanyaga.

Mjomba akakohoa, akaanza kumkumbusha lile azimio la ukoo. Mama hakumwacha amalize. Ninayaandika maneno yake kama alivyoyasema, maana ni yako:

"Yeye ndiye aliyechoma mikarafuu ya mama yangu, na yeye ndiye atakayeitunza hii mpaka izae. Kifungo kilikuwa adhabu ya serikali. Hii ndiyo yangu."

Kwa hiyo usidhani amekupa zawadi tu, kaka. Unamjua mama. Mkarafuu hauzai upesi, na mama ni mzee, na hatauchuma yeye. Amekufunga tena, ila safari hii amekufunga nyumbani.

Mjomba Mkude akasimama, akasema miti ya ukoo iliungua na miti ya ukoo imerudi, na yeye hana neno tena. Akanigeukia mimi. Akasema aliyeng'oa ndiye apande, tena apande sasa hivi, mbele ya macho yetu wote, ili siku nyingine asitokee mtu wa kusema hakuona. Siri ya mama ikawa jambo la hadharani, lenye mashahidi. Nilichimba mashimo upya kwa mikono yangu. Jonathan alivuka mfereji bila kuitwa, akachukua ndoo yake ya bluu akaenda kijitoni kuchota maji. Nilipanda mche baada ya mche, mama ananionyesha kina, wazee wananiangalia, na mimi nalia makamasi yananitoka kama mtoto.

Sasa kaka, nimefika kwenye kile kilichonifanya niombe afande akupe barua hii ukiwa umekaa. Watu wote waliokuwa pale walidhani nalia kwa majuto, wakanihurumia. Majuto yalikuwapo. Lakini haikuwa majuto peke yake. Nilikuwa nalia kwa hasira pia. Mimi ndiye niliyebaki. Mimi ndiye ninayelima, ninayebeba tenga, ninayezibua mfereji, na bonde nilikwisha kulihesabu kuwa langu, nilikwisha kulipangia hata mahali Shamimu atakapojenga kibanda chake. Na nilipokuwa nimeushika mche wa mwisho, mizizi yake imekwisha nyauka nyauka, moyo wangu mmoja ulisema ikauke yote, na iwe bahati mbaya tu. Nimelisema. Hakuna aliyelisikia siku ile isipokuwa mimi, na sasa wewe, na afande.

Jioni yake nilimuuliza mama kwa nini alimwambia mgeni na hakuniambia mimi binti yake. Alikuwa anachambua matembele. Alijibu bila ukali wowote kwamba Jonathan hakuwa na cha kupoteza katika jambo hili, mimi nilikuwa nacho, na yeye ameniona jinsi ninavyolitazama bonde. Akasema matuta yote mengine ni yangu na Shamimu, nisihofu, ila kona ile na jabali lake na upande wa juu mpaka kwenye njia, ni yako wewe kaka. Nilijisikia vibaya kwamba alinijua hivyo, na nilijisikia vibaya zaidi kwamba alikuwa amenijua sawasawa.

Tangu siku ile naamka mapema kabla ya yeye na kwenda kumwagilia. Nimeezeka kijipaa cha makuti juu ya safu yote badala ya majani ya maboga. Baadhi ya miche imepukutisha majani, siwezi kukuficha, na mmoja wa mwisho kule, naudhani umekwenda. Lakini leo asubuhi nimekuta mche wa pili kutoka jabalini umetoa jani jipya, dogo, jekundu jekundu kama yanavyotoka majani ya mkarafuu. Nilimwita mama kwa kelele mpaka akadhani nimeumwa na nyoka. Tulikaa tukalitazama hilo jani kama wapumbavu wawili. Kaka, nilifurahi. Nimeshangaa kujikuta nimefurahi, kwa hiyo nadhani ule moyo wangu mwingine umeanza kunyamaza. Niombee unyamaze kabisa.

Jonathan nilimwendea kumwomba radhi na nilikuwa nimejiandaa na maneno mazuri. Hakuyataka. Alisema Mluguru akimpiga Mnyamwezi bonge la udongo faini yake ni jogoo, na jogoo mwenyewe awe mnene siyo yule wangu mwenye shingo tupu. Nikamwambia achukue huyohuyo au akale fimbo. Hivyo utani umerudi mahali pake, ila siku hizi akisema kitu namwangalia mara mbili kabla ya kucheka.

Kazi zilizobaki ni ndogo. Mbegu za bamia zimekauka, nitazitia majivu na kuzifunga. Mfereji uko wazi mpaka chini. Mvua ikinyesha hata usiku wa leo itatukuta tayari. Huko nako najua mnalima, basi ukishika jembe lao likumbuke hili linalokungoja. Tunza afya yako, jifunike blanketi, usigombane na watu. Mimi nitakuja kukuona mwezi ujao nikijaliwa, na ukinikasirikia kwa niliyoyafanya nitakubali.

Shamimu anakusalimu sana mjomba wake. Mjomba Mkude anakusalimu, na safari hii amesema kwa kinywa chake siyo kwa kuombwa. Jonathan, ambaye hamjaonana bado, anasema mtani wake akitoka asipitie popote, aje moja kwa moja shambani na ndoo yake mwenyewe.

Mama anakusalimu.

Ndiyo kaka, umesoma sawa, usirudie mstari. Nilikuwa nataka kuifunga barua, akaniuliza kutoka jikoni kama nimeandika salamu zake. Nikamwambia bado. Akasema, sasa unangoja nini.

Ni mimi mdogo wako,
Shakila